Mtihani wa ubingwa wa macho: kinachoamua alama zako, na namna ya kujiandaa hatua kwa hatua

Yupo daktari anayetoa mtoto wa jicho kwa mkono uliotulia, anayeaminiwa na wagonjwa na wakubwa wake, lakini matokeo yakitoka jina lake halimo. Watu husema hakusoma, au alipaniki. Mara nyingi sababu ni nyingine. Kliniki hufundisha kwa kufuata wagonjwa wanaoingia mlangoni, mtihani huuliza kwa kufuata mtaala. Ukiona wagonjwa 40 wa mtoto wa jicho kwa wiki na mmoja wa uvimbe wa tundu la jicho kwa mwaka, kichwa chako kitabeba ujuzi kwa uwiano huohuo. Mtahini hajali uwiano huo. Pengo hilo ndilo linaloangusha madaktari wazuri, na hatua zote zinazofuata zinalenga kuliziba.

Yapo mambo mengine yanayogusa alama: historia yako ya mitihani, zamu za usiku, mpangilio wa vitengo unavyozungukia, namna unavyosoma, usingizi, na msaada wa idara. Baadhi huwezi kuyabadili. Mengi unaweza, mradi uanze mapema.

Ujue mtihani wenyewe

Mitihani ya ubingwa haifanani. Marekani, daktari anayesomea macho hufanya OKAP kila mwaka, mtihani unaopima maarifa akiwa bado mafunzoni. Akihitimu hukabili mtihani wa bodi wa maandishi na ule wa mdomo. Uingereza kuna sehemu ya kwanza ya sayansi za msingi, cheti cha kupima miwani, kisha sehemu ya pili yenye maandishi, mdomo na wagonjwa. Kila mmoja unagusa ngazi tofauti ya ujuzi. Mwaka 1990 George Miller alizipanga ngazi hizo kuwa 4: daktari anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha akitazamwa, na anafanya kazini kila siku. Maswali ya kuchagua jibu hupima ngazi mbili za chini. Vituo vya wagonjwa, ambapo mtahiniwa hupima wagonjwa mbele ya mtahini, hupima ya tatu. Anayesoma vitabu miezi 6 kwa ajili ya mtihani wa vituo anajiandaa kwa mtihani mwingine.

Chukua kanuni rasmi za mtihani wako uandike kwenye karatasi moja: idadi ya maswali, muda, mgawanyo wa mada kwa asilimia, na kama jibu baya linakata alama. Kama halikati, usiache swali hata moja tupu. Angalia pia alama ya kufaulu inapangwaje. Bodi nyingi hutumia njia iliyoelezwa na William Angoff mwaka 1971: jopo la wataalamu hukadiria, swali kwa swali, uwezekano wa mtahiniwa wa mpakani, yule anayefaulu kwa shida, kupata jibu, na wastani wa makadirio hayo ndio unaokuwa mstari wa kufaulu. Ndiyo maana mstari hupanda karatasi ikiwa rahisi na kushuka ikiwa ngumu. Kulenga namba fulani uliyoisikia kwa waliotangulia hakukusaidii kitu.

Jipime kabla hujafungua kitabu

Tafuta maswali 100 ambayo hujawahi kuyaona, 10 kutoka kila moja ya maeneo 10: optiki, konea, lenzi, glakoma, retina, uveitisi, macho ya watoto na makengeza, macho na neva, kope na tundu la jicho, na patholojia pamoja na sayansi za msingi. Yafanye kwa kikao kimoja, dakika 120, simu ikiwa chumba kingine.

Kwa kila swali andika mambo matatu: jibu lako, kama una uhakika au umebahatisha, na, baada ya kusahihisha, sababu ya kukosa. Sababu huangukia katika mafungu machache. Hukuwahi kujua. Ulijua ukasahau. Ulisoma swali vibaya, hasa pale penye maneno kama "isipokuwa" au "hatua inayofuata". Ulikosea hesabu. Ulibaki na majibu mawili ukachukua lisilo. Kila fungu lina dawa yake, na hapa ndipo wengi hupotea: aliyesahau hahitaji kitabu kipya, na anayesoma swali vibaya hahitaji kitabu chochote.

Maswali 10 ni machache. Kupata 6 kwenye konea na 7 kwenye retina hakuna maana yoyote, ni bahati ya siku. Kupata 3 kwenye optiki na 8 kwenye glakoma kuna maana. Angalia pia maswali uliyokosa huku ukiwa na uhakika. Hayo ni ya hatari kuliko yale uliyobahatisha, kwa sababu hutayarudia kwa hiari.

Kuhusu historia: waliopata alama za juu kwenye mitihani ya chuo cha udaktari huwa wanaendelea kuzipata kwenye ubingwa. Hii ni hali ya jumla, haiamui hatima ya mtu mmoja, lakini itumie kupanga ratiba. Kama mitihani ya maandishi imekusumbua tangu zamani, anza miezi 9 hadi 12 kabla, siyo 6 kama jirani yako. Vilevile, kama mtihani uko katika lugha usiyoitumia nyumbani, pima kasi yako ya kusoma. Soma maelezo ya wagonjwa 20 kwa saa ya kupimia muda. Yakikuchukua zaidi ya sekunde 40 kila moja kabla hata hujafika kwenye majibu, kasi ni tatizo linalojitegemea, na dawa yake ni kufanya maswali mengi yenye maelezo marefu katika lugha hiyohiyo.

Piga hesabu ya saa ulizonazo kweli

Ratiba ya "saa 4 kila usiku" hufa wiki ya pili. Chukua orodha ya zamu za miezi 6 ijayo. Weka alama kwenye usiku wa zamu, siku inayofuata zamu, siku ndefu za upasuaji, na mapumziko. Siku inayofuata zamu ya usiku hesabu sifuri. Siku ya kawaida hesabu dakika 45. Siku moja huru kwa wiki, saa 3.

Siku 5 za dakika 45 ni saa 3 na dakika 45. Ongeza saa 3, unapata saa 6 na dakika 45 kwa wiki. Katika wiki 26 toa 4 za zamu nzito au ugonjwa, zinabaki 22. Jumla ni karibu saa 148. Hizo ndizo ulizonazo, na zinatosha ukizigawa vizuri. Zigawe kwa kutumia karatasi mbili ulizokwisha kuandika: uzito wa mada kwenye mtihani na udhaifu ulioonekana kwenye jaribio. Mada nzito ambayo ni dhaifu hupata saa nyingi. Mada nyepesi uliyo imara hupata maswali ya kukumbushia tu, hata kama unaipenda. Hapo panahitaji ukali, kwa sababu mtu huvutwa na anachokiweza, na daktari anayependa retina atajikuta anasoma retina kila Jumamosi.

Mzunguko wa vitengo nao una neno. Ulikopita mwezi uliopita kuna joto bado. Ulikopita mwaka jana kumepoa. Na huenda utafika mtihani hujagusa kabisa macho ya watoto. Njia inayofanya kazi ni hii: mada ya kitengo ulichopo isome mchana, kupitia wagonjwa. Chagua mgonjwa mmoja, jiulize maswali matatu kumhusu, tafuta majibu kabla ya kutoka hospitali. Dakika 45 za jioni ziwe za mada ambayo kliniki haikupi. Ukifanya kinyume, yaani kusoma konea jioni kwa kuwa uko kitengo cha konea, unalipanua pengo lilelile.

Soma kwa kujiuliza

Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi tusipokumbushwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na waliojipima kwa kuyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na tena baada ya wiki, waliojipima walikuwa mbele. Tatizo la kurudia kusoma na kupaka rangi mistari ni kwamba maandishi yakishazoeleka machoni unadhani umeyajua.

Kwa hiyo: soma kurasa 8 hadi 10, funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa kalamu nyingine. Ulichokosa kiwe swali kwenye kadi. Kadi irudi baada ya siku 1, 3, 7, 21, kisha 60. Ukishindwa, ianze upya. Usiweke aya nzima kwenye kadi. Jambo moja, jibu moja.

Benki ya maswali ndiyo chombo kikuu, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko vyote. Kufanya maswali 50 kwa haraka na kuangalia asilimia ni kujifurahisha. Swali moja likifanywa vizuri huchukua dakika 3 hadi 4, sehemu kubwa ikiwa baada ya kujibu. Chukua mfano huu. Mzee wa miaka 74 amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja ghafla, kichwa kinamuuma, taya linauma akitafuna, na kichwa cha neva ya jicho kimevimba na kupauka. Nini kifanyike kwanza? Jibu ni steroidi ya dozi kubwa mara moja kwa kushuku uvimbe wa ateri wa seli kubwa, bila kungoja kipande cha ateri kipimwe. Umepata? Vizuri, sasa kazi inaanza. Vipimo gani vya damu vinatumwa? ESR na CRP, vipimo vinavyoonyesha uvimbe mwilini, na hesabu ya chembe sahani. Kwa nini kusingoja? Kwa sababu jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache. Steroidi itaharibu kipimo? Mabadiliko kwenye ateri hubaki kuonekana kwa muda baada ya dawa kuanza, ila kipande kichukuliwe mapema iwezekanavyo. Kwa nini mtu akatwe kipande kirefu? Kwa sababu ugonjwa huruka sehemu za ateri, kipande kifupi kinaweza kuukosa. Swali moja limetoa kadi 4, na mtihani utauliza mojawapo ya hizo, siyo lile la mwanzo.

Changanya mada baada ya wiki za kwanza. Maswali 20 ya glakoma mfululizo hukupa jibu nusu kabla hujasoma, kwa kuwa unajua ni glakoma. Na usirudie benki ileile kisha ukafurahia kupanda kutoka asilimia 60 hadi 85, unakumbuka maswali. Tenga angalau maswali 200 usiyoyagusa hadi mwezi wa mwisho.

Optiki: palipo na alama nyingi za kuokota

Hakuna anayekuomba uhesabu mwelekeo wa miale saa nne asubuhi kliniki imejaa. Mashine hutoa namba, wewe unasaini. Ndiyo maana optiki huangusha watu, na ndiyo maana hulipa upesi ukiifanyia kazi. Dakika 15 kila siku, kwa kalamu, bila kikokotoo, kwa wiki 8.

Anza na mwachano wa miale: U + D = V, yaani mwachano wa miale inayoingia, jumlisha nguvu ya lenzi, ni ule wa inayotoka, vyote kwa dayopta (D). Kitu kiko sentimita 50 mbele ya lenzi ya +5 D. U ni 1 gawanya kwa mita 0.5, nayo ni hasi: −2. Jumlisha +5, unapata +3. Taswira iko sentimita 33 upande wa pili. Wanaokosea hapa hukosea mawili tu: wamesahau hasi, au wamegawa kwa sentimita.

Kisha kanuni ya Prentice: nguvu ya prizimu ni umbali kutoka katikati ya lenzi kwa sentimita, mara nguvu ya lenzi. Mtu anasoma milimita 5 chini ya katikati ya lenzi ya −4 D: 0.5 mara 4 ni dayopta 2 za prizimu. Kitako cha prizimu, upande wake mnene, kinaangalia chini, kwa sababu lenzi hasi ni nene pembeni. Chora lenzi kila mara, usikariri upande.

Kubadili silinda: jumlisha sferi na silinda upate sferi mpya, geuza alama ya silinda, zungusha mhimili nyuzi 90. +2.00 −1.50 × 90 inakuwa +0.50 +1.50 × 180.

Retinoskopi, yaani kupima nguvu ya miwani kwa kumulika mwanga jichoni, ndipo palipo na mtego wa kweli. Uko sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa. Mstari wa mwanga ukiwa wima, mwanga unatulia kwa lenzi ya +2.00. Ukiulaza, unatulia kwa +3.50. Toa 1.50 ya umbali wa kazi kwa kila moja: +0.50 na +2.00. Jibu ni +0.50 +1.50 × 180. Mtahiniwa mwenye haraka huandika × 90, kwa kuchanganya mhimili wa silinda na mwelekeo ambao mwanga unatembea. Mhimili hufuata mstari wenyewe ulivyolala. Nguvu inayopimwa iko mwelekeo unaoukata. Na kama mkono wako ni mfupi, unafanya kazi sentimita 50, unatoa 2.00. Pima umbali wako kwa kamba, si kwa kukisia, kwani kosa hilo huingia kwenye kila mgonjwa wa siku hiyo.

Nguvu ya lenzi ya kupandikiza kwa fomula ya zamani ya SRK: P = A − 2.5L − 0.9K, ambapo A ni namba maalumu ya lenzi, L urefu wa jicho, na K nguvu ya konea. A ikiwa 118.4, urefu wa jicho milimita 23.5, konea 43.5 D: 118.4 toa 58.75 toa 39.15, inabaki 20.5. Kliniki leo hutumia fomula mpya, lakini hii inafundisha jambo linaloulizwa daima: kosa la milimita 1 kwenye urefu wa jicho ni karibu 2.5 D, na kosa la 1 D kwenye konea ni karibu 0.9 D.

Patholojia ina tabia hiyohiyo ya kusahauliwa. Picha 10 kwa wiki, kila moja ukitaja kwanza tishu, kisha rangi ya maabara iliyotumika, kisha utambuzi. Zaidi ya hapo hakuna siri.

Vituo vya wagonjwa na mdomo

Huu huwezi kuuandalia ukiwa peke yako chumbani. Kaeni watatu: mmoja mgonjwa, mmoja mtahiniwa, mmoja mtahini mwenye karatasi ya alama. Dakika 8 za kupima, 2 za kuambiana ukweli, badilishaneni. Mara 2 kwa wiki kwa wiki 10. Mtahini aandike maneno yaliyotamkwa tu. Hapo utagundua kosa kubwa kuliko yote: daktari ameona dalili, hakuitaja. Kisichotamkwa hakina alama.

Kosa jingine ni mkono uliozoea njia ya mkato. Tazama kipimo cha kupepesa tochi kwa kutafuta kasoro ya neva. Chumba kiwe na giza kiasi, mgonjwa aangalie mbali, tochi yenye mwanga mkali ikae sekunde 2 hadi 3 kwa kila jicho, muda uleule, pembe ileile. Mgonjwa akiangalia tochi, mboni husinyaa kwa sababu ya kutazama karibu, na umepoteza kipimo. Ukikaa jicho moja muda mrefu kuliko lingine, unaweza kutengeneza kasoro isiyokuwepo. Na kama matone ya kutanua mboni yameshawekwa, umechelewa. Mboni hupimwa kabla. Mboni zikiwa hazilingani, sema kwanza tofauti inaongezeka wapi: kwenye mwanga, mbovu ni ile kubwa; gizani, mbovu ni ile ndogo.

Kwa mdomo, jizoeze mpangilio mmoja hadi uwe wa mazoea: ninachokiona, la hatari ambalo lazima niliondoe, maswali nitakayomuuliza mgonjwa, vipimo, matibabu, ufuatiliaji. Mtu akiulizwa kuhusu kope lililoanguka na mboni iliyotanuka, aanze na uvimbe wa mshipa wa damu kichwani na picha ya haraka, ndipo aende kwenye kisukari. Anayeanza na yaliyo ya kawaida huonekana hatari hata akiwa anajua yote.

Wiki mbili za mwisho, na chumba cha mtihani

Siku 10 kabla, acha mada mpya. Fanya karatasi 2 kamili kwa saa ileile ya mtihani, ukitumia yale maswali 200. Badilisha zamu mapema ili usiku 3 wa mwisho ulale nyumbani. Usingizi wa saa 7 ndio unaotuliza ulichosoma, na mkesha huchukua zaidi ya unavyotoa. Omba jambo hili kwa mkuu wa idara miezi 3 kabla, kwa maandishi, ukitaja nani atashika zamu yako.

Ndani ya chumba, gawanya muda kwa alama za njiani. Maswali 180 kwa saa 3 ni dakika 1 kila moja: dakika ya 45 uwe swali la 45, bila huruma kwa swali linalokuvuta. Hesabu ndefu za optiki ziwekee alama, uzirudie. Kuhusu kubadili jibu, wanafunzi huambiana wasibadili kamwe, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kuwa majibu yanayobadilishwa hutoka kwenye makosa kwenda kwenye usahihi mara nyingi kuliko kinyume chake. Badili ukiwa na sababu unayoweza kuitaja. Wasiwasi mtupu si sababu.

Kwa wakufunzi

Idara nzima ikiangusha, tatizo haliko kwa wanafunzi peke yao. Toeni saa 2 kwa wiki ambazo hazivunjwi na kliniki, maswali 20 kila wiki yenye maelezo, na ripoti ya siri kwa kila mmoja. Orodha ya alama ukutani huwafanya walio nyuma waache kuuliza. Na hakikisheni kila mmoja amepita vitengo vyote vikuu kabla ya tarehe ya mtihani, hata kama ni kwa wiki 2.

Ukifeli

Omba mchanganuo wa alama kwa mada, siyo jumla tu. Ulinganishe na jaribio lako la kwanza. Udhaifu ukiwa uleule, ratiba haikufuatwa. Ukiwa mpya, mada hiyo ilinyimwa saa. Ukiwa umekosa kwa alama chache kila mahali, angalia muda na usomaji wa maswali kabla ya kulaumu maarifa. Pumzika wiki 2, kisha fanya jaribio jipya la maswali 100 kabla ya kununua kitabu chochote.